Kuotesha Vipandikizi Ndani ya Maji Nyumbani

Kuotesha vipandikizi ndani ya maji ni njia ya kuzalisha mimea bila mbegu, ambapo kipande cha shina au jani hukatwa kutoka kwenye mmea mama na kuwekwa katika chombo chenye maji mpaka kitoe mizizi yake chenyewe. Njia hii haidai kitalu wala vifaa vya gharama. Chupa ya jamu iliyooshwa vizuri, wembe na dirisha lenye mwanga vinatosha kuianza, na kwa sababu hiyo imeenea katika nyumba za mijini ambazo wakazi wake hawana hata kipande cha ardhi cha kuchimba. Wepesi huo, hata hivyo, umezaa dhana kwamba kinachohitajika ni maji tu, na kwamba kipandikizi kilichooza kimepatwa na bahati mbaya au kimetiwa na mtu asiye na mkono wa kupanda. Vipandikizi vingi vinavyofia ndani ya chupa hufa kwa kukosa hewa, na karibu kila ushauri wenye manufaa kuhusu kazi hii hutokana na jambo hilo moja.

Ili jambo hilo lieleweke, yafaa kwanza kuangalia kinachotokea ndani ya shina baada ya kukatwa. Seli zilizo karibu na mishipa inayosafirisha maji na chakula cha mmea, hususan zile za kwenye vifundo, zina uwezo wa kuacha kazi yake ya awali, kuanza kugawanyika upya na kuunda mizizi mahali ambapo mzizi haukuwahi kuwapo. Kinachoziamsha zaidi ni homoni iitwayo oksini, yaani kemikali ambayo mmea hujitengenezea katika ncha zake changa na majani machanga, kisha huisafirisha kuelekea chini. Shina linapokatwa safari hiyo hukatizwa, oksini hujikusanya karibu na jeraha, na mkusanyiko huo ndio unaochochea mizizi. Kuwapo kwa homoni hiyo kulithibitishwa mwaka 1928 na mtaalamu wa mimea wa Kiholanzi, Frits Went, aliyefanya majaribio yake kwa miche michanga ya nafaka, na baadaye unga wa kuchochea mizizi unaouzwa katika maduka ya pembejeo ulitengenezwa kwa kufuata maarifa hayo. Kwa mkuzaji wa nyumbani, maelezo haya yana maana mbili za moja kwa moja: kwamba kipandikizi kinapaswa kubaki na ncha yake au angalau majani machache mabichi, kwa kuwa huko ndiko chakula na homoni vinakotoka, na kwamba upande uliokuwa chini kwenye mmea mama lazima ubaki chini katika chombo, maana mmea huukumbuka mwelekeo wake hata ukigeuzwa.

Kazi hiyo ya kuunda mizizi hutumia nguvu nyingi, na nguvu hiyo hupatikana kwa kupumua, yaani kwa kuunguza sukari kwa msaada wa oksijeni. Maji huhifadhi oksijeni kidogo sana: lita moja ya maji baridi yenye nyuzi joto 20 za Selsiasi hubeba takriban miligramu 9, na yakipanda hadi nyuzi 30 kiasi hicho hushuka hadi miligramu 7.5 hivi. Zaidi ya hayo, oksijeni hupenya ndani ya maji polepole mno, takriban mara elfu kumi polepole kuliko inavyosambaa hewani, kiasi kwamba maji yaliyotulia yanayoligusa shina huweza kuishiwa oksijeni ilhali uso wa maji hayohayo umejaa. Wakati huohuo bakteria wanaokula utomvu unaotoka kwenye jeraha, au jani lililozama na kuanza kuoza, hushindana na shina kugombea oksijeni hiyohiyo kidogo. Kwa hiyo kipindi chote cha kuotesha ni mashindano baina ya mizizi na uozo, na kila anachofanya mkuzaji ama huisaidia mizizi kutangulia ama humsaidia adui yake.

Mashindano hayo hayana ugumu sawa kwa kila mmea, na busara ya kwanza ni kuchagua mmea ambao kwa asili yake hutoa mizizi haraka. Nanaa na mrehani hutoa mizizi ndani ya wiki moja hadi mbili, na ndiyo mimea inayofaa zaidi kwa anayeanza, hasa kwa kuwa tawi lililonunuliwa sokoni kwa ajili ya chai au mapishi, likiwa bado bichi, huweza kuwa mwanzo wa mmea mpya. Mchaichai nao huota vizuri ikiwa bua limenunuliwa likiwa na sehemu yake ya chini iliyo ngumu, kwa kuwa mizizi hutokea hapo tu. Bua lililokatwa juu ya sehemu hiyo halitaota hata likikaa majini miezi. Marando ya viazi vitamu hutoa mizizi ndani ya siku chache, na mwenye sufuria kubwa au ndoo yenye udongo kibarazani anaweza kwa njia hiyo kujipatia matembele ya mboga. Katika mimea ya mapambo, pothosi (Epipremnum aureum), kolea zenye majani ya rangi, na Impatiens walleriana, ambayo ni mmea wa asili wa Afrika Mashariki, huota kwa urahisi. Haibiskasi huota pia lakini hudai wiki kadhaa za uvumilivu. Mimea yenye miti migumu, kama mwembe na mchungwa, haifai kujaribiwa kwa njia hii, na anayeihitaji atafanikiwa zaidi kwa miche iliyobebeshwa kutoka kitaluni. Mwaridi huota majini mara chache na aghalabu hufaulu zaidi katika mchanga wenye unyevu. Mnazi hauna njia yoyote ya kuoteshwa kwa tawi, kwa kuwa una sehemu moja tu ya kukulia, iliyoko kileleni.

Baada ya kuchagua aina, mkuzaji anapaswa kuuchagua mmea mama wenyewe kwa makini zaidi kuliko ilivyo desturi. Kipandikizi ni nakala kamili ya mmea kilikotoka, na nakala hiyo hubeba magonjwa pia; wakulima wa mhogo wanalifahamu hili vizuri kutokana na batobato na michirizi kahawia, magonjwa ya virusi yanayosambazwa shamba hadi shamba na pingili zilizokatwa kwenye mimea iliyoambukizwa. Tawi lenye majani yaliyokunjamana, yenye mabaka ya manjano yasiyo ya kawaida ya mmea huo, au yenye vidungata upande wa chini, liachwe hata kama ndilo pekee lililopatikana. Tawi bora ni lile lililokomaa kiasi, lisilo laini kama chipukizi la jana wala gumu kama ubao, na lisilo na ua. Kama lina ua au kichomozo chake, na kiondolewe, kwa sababu ua hutumia chakula ambacho kingekwenda kwenye mizizi. Wakati mzuri wa kukata ni asubuhi, mmea ukiwa bado umejaa maji ya usiku.

Mkato wenyewe hufanywa chini kidogo ya kifundo, yaani ile sehemu ya shina iliyovimba ambako jani hushikana na shina, kwa kuacha takriban nusu sentimita chini yake. Umuhimu wa kifundo hauwezi kutiliwa chumvi, kwa kuwa katika mimea mingi ndicho chimbuko la mizizi na pia ndicho kinachobeba jicho, yaani chipukizi lililolala ambalo baadaye huwa tawi jipya. Kisu au wembe uwe mkali na uwe umefutwa kwa spiriti au kupitishwa kwenye maji ya moto, kwani mkasi butu husaga mishipa badala ya kuikata, na sehemu iliyosagwa ndiyo inayoanza kuoza. Urefu wa sentimita 10 hadi 15 unatosha kwa mimea mingi. Majani yote ambayo yangezama huondolewa, na yanayobaki juu yawe mawili hadi manne. Yakiwa makubwa sana, kama ya haibiskasi, kila moja hukatwa nusu ili kupunguza maji yanayopotea hewani, kwa sababu shina lisilo na mizizi haliwezi kunywa kwa kasi ambayo majani mapana hupoteza. Mimea inayotoa utomvu mweupe iachwe nje ya maji mpaka utomvu ukome kuchuruzika, na mkataji ajihadhari usiingie machoni.

Suala la jani pekee, lisilo na shina, linahitaji maelezo ya ziada, kwa sababu hapo ndipo wakuzaji wengi hupoteza miezi bila kujua. Jani la pothosi lenye kikonyo chake, yaani kile kijiti kinacholiunganisha na shina, likiwekwa majini huweza kutoa mizizi mizuri na kubaki la kijani kwa muda mrefu sana, lakini halitatoa kamwe tawi wala jani la pili, kwa kuwa jicho limebaki kwenye mmea mama. Mwenye kulitazama huliona limefaulu na kuendelea kulingojea. Kinyume chake ni ua la Saintpaulia, mmea mdogo wenye majani ya manyoya na maua ya zambarau, ambao asili yake ni milima ya Usambara na maeneo mengine ya Tanzania na Kenya, na ambao ulifikishwa Ulaya baada ya ofisa wa utawala wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, kuukuta huko mwaka 1892. Jani lake moja lenye kikonyo cha sentimita 3 hadi 4, likishikiliwa na karatasi iliyotobolewa juu ya glasi ili ncha ya kikonyo tu ndiyo iguse maji, hutoa mizizi katika mwezi mmoja hivi, na baadaye hutoa miche midogo kamili pale chini ya kikonyo. Inasikitisha kwamba mmea huu, unaokaa madirishani mwa mamilioni ya watu ng'ambo, ni nadra kuonekana katika nyumba za nchi ulikotoka, ilhali kuuzalisha ni rahisi kiasi hicho. Dracaena trifasciata, ule mmea wenye majani marefu yaliyosimama kama panga, nao huota kwa kipande cha jani ndani ya mwezi hadi miwili, ila ule wenye kingo za manjano hutoa miche isiyo na kingo hizo. Anayetaka kuhifadhi rangi yake hana budi kugawanya shina la chini ya udongo.

Chombo kinachofaa ni chenye mdomo mpana kiasi cha kuruhusu hewa, na kina cha maji kisizidi kile kinachohitajika ili kifundo kimoja au viwili vizame, ambacho kwa kawaida ni sentimita 3 hadi 5. Kujaza chupa mpaka shingoni ni kosa linalofanywa kwa nia njema, kwani huzamisha sehemu kubwa ya shina bila kuongeza faida yoyote. Chombo cha kioo hupendwa kwa kuwa huonyesha mizizi, lakini mwanga unaopenya huotesha mwani wa kijani, hivyo ni vyema kukizungushia karatasi au kitambaa na kukifungua pale tu panapohitajika kukagua. Mahali pake ni penye mwanga mwingi usio wa jua la moja kwa moja, hasa katika miji ya pwani ambako glasi iliyoachwa dirishani mchana hupata joto linalofukuza oksijeni na kuwafurahisha bakteria kwa wakati mmoja. Katika nyanda za juu, kama Lushoto, Njombe au Limuru, tatizo hugeuka: katika miezi ya baridi mizizi huchelewa sana, na chombo hufaa kukaa jikoni au pahali popote penye uvuguvugu.

Kuhusu maji yenyewe, wasiwasi juu ya klorini iliyomo katika maji ya bomba umezidi uzito wake. Kuyaacha wazi usiku mmoja kunatosha kwa anayetaka uhakika, na hata bila hivyo mimea mingi huota. Chumvi ndiyo inayostahili wasiwasi. Visima vingi vya ukanda wa pwani na visiwani hutoa maji yenye chumvi kiasi kwamba mtu huihisi ulimini, na shina lisilo na mizizi likiwekwa humo hunyauka polepole kingo za majani zikikauka. Katika nyumba za namna hiyo maji ya mvua yaliyokingwa ndiyo bora kuliko yote. Maji yabadilishwe yote kila baada ya siku tatu, na chombo kisuguliwe ndani kabla ya kujazwa upya, kwani kuongezea tu yale yaliyopungua huacha uchafu na bakteria palepale. Sukari na asali, ambazo hushauriwa mara nyingi, huwalisha bakteria kabla ya kuulisha mmea na hazina nafasi katika chombo hiki. Kipande cha mkaa hakidhuru, lakini hakichukui nafasi ya kubadilisha maji. Unga wa homoni ulitengenezwa kwa ajili ya udongo na mchanga. Ukitiwa majini hutawanyika, na mimea inayoota vizuri majini kwa kawaida haiuhitaji.

Kubadilisha maji kuna sababu nyingine ambayo haihusu mimea, nayo ina uzito kuliko zote. Mbu aina ya Aedes aegypti, anayeeneza homa ya dengi iliyozuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019, hupendelea kutaga katika maji machache na safi yaliyotulia karibu na makazi ya watu, na chupa ya kipandikizi inatimiza masharti hayo yote. Penye joto, yai lake huweza kufikia kuwa mbu kamili katika siku 7 hadi 10 hivi, hivyo maji yanayomwagwa kila siku ya tatu hayampi nafasi ya kukomaa. Lakini kumwaga pekee hakutoshi, kwa sababu mayai hugandishwa kwenye ukuta wa chombo pale maji yanapoishia, na huweza kustahimili ukavu kwa miezi kadhaa yakingoja kujazwa kwa mara nyingine. Ndiyo maana kusugua ni sharti. Kuziba mdomo wa chombo kuzunguka shina kwa pamba au kitambaa chepesi huzuia mbu kuingia bila kuzuia hewa.

Tahadhari ya pili inahusu sumu. Pothosi na Dieffenbachia, mmea mwingine wa mapambo, zina chembe ndogo za fuwele zinazochoma mdomo na koo zikitafunwa, na Nerium oleander, kichaka chenye maua ya waridi au meupe kinachopandwa sana kwa pambo, kina sumu inayoathiri moyo, ambayo huweza kuingia hata katika maji lilimokaa tawi lake. Chupa za vipandikizi kwa hiyo zisifanane na chupa za maji ya kunywa, zisikae mezani pa chakula, na zisifikiwe na watoto wadogo.

Katika wiki za kungoja, anayejua kusoma dalili hatavuruga kazi inayoendelea vizuri. Uvimbe mweupe au wa maziwa unaotokea kwenye mkato ni kovu la jeraha, na ni dalili njema. Nukta nyeupe zinazotuna kando ya shina lililozama, ambazo wengi huzidhania kuwa ukungu na kuzikwangua, ni vitundu vya kupitishia hewa vilivyotanuka kwa sababu shina linahitaji oksijeni zaidi. Kinachotakiwa hapo ni kupunguza kina cha maji na kuyabadilisha mara nyingi zaidi. Jani moja la chini kugeuka manjano ni jambo la kawaida. Uozo wa kweli hutambulika kwa kugusa: shina huwa laini na lenye utelezi, ngozi yake huvuka kwa kidole, rangi hugeuka kahawia au nyeusi, na maji hunuka. Ukigunduliwa mapema, shina hukatwa juu ya sehemu iliyoharibika mpaka ndani paonekane pabichi, chombo kikaoshwa kwa sabuni, na kazi ikaanza upya. Chombo kimoja huweza kubeba vipandikizi vitatu au vinne, ila kimoja kikioza kiondolewe saa ileile.

Hatua inayoua vipandikizi vingi baada ya uozo ni kuvihamishia udongoni. Mizizi iliyokulia majini ni tofauti na ya udongoni: ni myeupe, myepesi kukatika, ina nafasi za hewa ndani yake, na kwa kawaida ina vinyweleo vichache mno, yaani zile nyuzi nyembamba zinazoshikana na chembe za udongo na kufyonza maji kutoka humo. Ikizikwa ghafla katika udongo mkavu hushindwa kufanya kazi, na mmea uliokuwa umenawiri kwa wiki tatu hunyauka kwa siku mbili. Kadiri mizizi inavyorefuka majini ndivyo inavyozidi kuwa ya maji, kwa hiyo urefu wa sentimita 3 hadi 5, ikiwa imeanza kutoa matawi madogo, ndio unaofaa, na tamaa ya kungoja ijae chupa nzima haina faida. Udongo uwe mwepesi, uliochanganywa na mchanga na samadi iliyooza kabisa, katika chombo chenye matundu chini. Shimo lifanywe kwa kidole au kijiti kabla ya mmea kuingizwa, kwani kuusukuma huvunja mizizi. Udongo urudishwe taratibu na kushikizwa kwa maji badala ya kukandamizwa kwa mkono.

Kuhamisha jioni huupa mmea usiku mzima wa kutulia. Kwa wiki ya kwanza udongo uwe na unyevu mwingi kuliko ambao mmea wa kawaida wa aina hiyo ungehitaji, na kivuli kiwe kingi. Mfuko wa plastiki angavu ukifunikwa juu yake na kufunguliwa kwa muda kila siku huhifadhi unyevu wa hewa kwa mimea yenye majani laini. Kuanzia wiki ya pili maji hupunguzwa kidogo kidogo ili mizizi mipya, yenye vinyweleo, ilazimike kuyatafuta, na mfuko huondolewa kwa kuongeza saa za kuwa wazi siku hadi siku. Mbolea ya dukani isitiwe mpaka jani jipya lifunguke, kwa sababu chumvi zake huunguza mizizi ambayo bado haijazoea udongo. Kwa asiyetaka kuhamisha kabisa, pothosi huweza kukaa majini kwa miaka, mradi maji yaendelee kubadilishwa na, mara moja kwa mwezi, yatiwe mbolea ya maji iliyozimuliwa hadi robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa yake. Itakua polepole na majani yake yatakuwa madogo kuliko ya mwenzake aliye udongoni, lakini itabaki hai na ya kijani.